Kiganja cha Bi Kasturi

Jumatatu, 4 Oktoba 1971

Daktari kanambia niandike kila siku anachokula mke wangu Kazija, na kiasi gani. Nimetoa daftari langu la melini. Kurasa zake nyingi ni tupu, maana baharini sikupata nafasi ya kuandika, watu walikuwa na njaa.

Jina langu Msabah bin Silima, wa Kiponda, mpishi wa meli mstaafu. Daktari hakuniuliza hilo, lakini daftari lazima limjue bwana wake. Nimepika Durban, nimepika Karachi, nimepika njia ya Rangoon katika mawimbi ambayo sufuria tulizifunga kamba kama mbuzi. Shule niliishia darasa la nne. Bahari ndiyo iliyonisomesha, na bakora zake nazijua.

Mke wangu katoka hospitali juzi. Homa ya matumbo imeondoka, na ilipoondoka ikaondoka na nyama zake na hamu yake ya kula. Daktari kasema dawa imeshafanya kazi yake, iliyobaki ni chakula. Asipokula hatoinuka. Alilisema hilo mlangoni, sauti chini, mkono umeshika kitasa.

Leo: supu ya kuku, vijiko viwili. Kasema, "Kizuri, baba Sichana." Akageukia ukutani.

Supu yangu imesifiwa! Nalitia wino kwa sababu si jambo la kawaida. Tangu nimuoe, mwanamke huyu hajapata kusifu chakula changu. Nikiwa barazani nawasimulia watu habari za melini, yeye humalizia nyuma ya mlango: "Mwacheni huyo. Melini alikuwa akimenya mbatata." Watu wakacheka, na mimi nikanuna mpaka magharibi.

Leo kasema kizuri.

Jumanne, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Dari linavuja palepale pa mwaka jana. Uji, vijiko vitatu. Kizuri.

Ijumaa, 8 Oktoba

Foleni ya mchele tangu alfajiri. Mvua juu, matope chini, na mbele yangu Pandu seremala akinielezea goti lake. Nikamwambia mimi nnayo magoti mawili, yote mabovu, na sijamuelezea mtu. Nikapata mchele kidogo, nikaupika kwa nazi, na mchuzi wa samaki changu. Kazija kala tonge moja. Kizuri.

Sichana, binti yetu, kaleta salamu kutoka Nungwi. Kajifungua juzi tu, hawezi kuja. Nimemjibu mama yake anaendelea. Kuendelea wapi sikusema.

Jumapili, 10 Oktoba

Leo nimepika pilau. Nyama nimeipata kwa maneno matamu, mdalasini kwa maneno matamu zaidi. Harufu ilifika mpaka msikitini. Kazija kala alichoweza kushika kwa vidole vitatu, akasema, "Kizuri sana, mume wangu. Mungu akuweke."

Nikatoka barazani kifua mbele. Nikamwambia Pandu, "Umesikia? Kizuri sana, kasema! Mwanamke kakubali mwenyewe."

Pandu akaacha kuchonga mpini wake. "Bi Kazija kakusifu wewe?"

"Mimi."

"Basi ndugu yangu anaumwa kweli."

Tulicheka sana. Nilipofika ukumbini nikaacha kucheka.

Jumanne, 12 Oktoba

Bi Kasturi wa ghorofa ya juu kashusha sahani kwa kamba, kama kawaida yake tangu magoti yake yagome ngazi. Kachori za mbatata, na kibakuli cha chatini ya embe mbichi. Bi Kasturi ni Baniani, mjane wa fundi saa. Kazaliwa chumba kile kile anacholala mpaka leo, na Kiswahili chake kikikusema hutokisahau. Kazija na yeye wamekuwa majirani tangu nimlete Kazija nyumba hii.

Kazija kanusa. Kachovya. Kala kachori nzima, akaanza ya pili! Kisha akasema, "Embe zake leo changa mno. Kazichuma na maua yake."

Nimeona wivu, naandika wazi. Mtu aliyepikia manahodha anashindwa na kachori inayoteremka kwa kamba. Lakini mke wangu kala. Kachori moja na nusu, daktari. Moja na nusu.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimepanda juu. Ngazi zile zimejengwa na mtu asiyependa wageni. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. Alikuwa akikuna embe.

Nikamwambia, "Bi Kasturi, nifundishe chatini hiyo."

"Wewe? Mpishi mkubwa wa dunia?"

"Dunia niliipikia mambo mengine."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akaniambia habari yenyewe. Ruhusa yake ya kuondoka imetoka. Binti yake anamngoja huko ng'ambo, Jamnagar. Kabla mwezi wetu mtukufu haujaisha atapanda ndege ya Dar es Salaam, na kutoka huko atavuka. Karibu nyumba zote za jamaa zake mtaani zimeshafungwa, na yeye kachoka kuhesabu makufuli.

Nikakaa juu ya gunia. Niliyoyafikiria kwanza sikuyasema, maana hayakuwa mazuri. Nilifikiria: nani atashusha sahani?

"Njoo baada ya sikukuu yetu," akasema. "Ila jikoni kwangu utafuata amri."

Nikamwambia amri nimezifuata za Waingereza. Akasema hao si kitu.

Ijumaa, 15 Oktoba

Uji. Kizuri. Mvua.

Jumatatu, 18 Oktoba

Usiku wa giza la mwezi, sikukuu ya Mabaniani. Zamani mtaa huu ulikuwa ukiwaka taa madirishani, watoto wote wa Kiponda wakipanda ngazi hizi kugaiwa tamtam, sisi wa Kiislamu tukiwa wa mbele. Leo taa za Bi Kasturi peke yake, sita au saba, mvua ikazima nusu.

Kashusha chauro ya mchele wa kupondwa na njugu. Kazija katafuna kidogo, akasema njugu zimeungua. Nikaona si kweli, lakini kala.

Jumatano, 20 Oktoba

Mwezi umeandama. Mwezi ule ule, siku mbili nyuma alikuwa nao Bi Kasturi ukiwa umekufa, leo ni wetu umezaliwa. Kazija kalia kidogo, kwa kuwa mwaka huu hatofunga. Nikamwambia Mungu anazijua hesabu zake. Akasema, "Ndiyo," akageukia ukutani.

Alhamisi, 21 Oktoba

Mfungo wa kwanza. Nimefunga, nimepanda ngazi, nimeona nyota mchana.

Jikoni kwa Bi Kasturi pana seredani mbili za makaa, jiwe la kusagia lililotoboka katikati kwa umri, na rafuni kitoto cha shaba kinachotambaa, kimevishwa koti dogo la hariri. Ndiye mungu wake. "Huyu ndiye anayekula kwanza," akasema. "Hupati wewe, sipati mimi, mpaka yeye awekewe."

Hatii kitunguu, hatii thomu. Anachotia kwenye mafuta ya moto ni haradali na mvuje. Mvuje! Sisi tunawafukizia watoto wachanga ili shetani akimbie, yeye anautia chakulani. Nikamwambia ndiyo maana nyumba hii haina majini, wote wameshahamia mtaa wa Malindi.

Lakini lililonishangaza si hilo. Kapika chatini mwanzo mpaka mwisho na hakuonja. Hata tone. Nikadhani kafanya adabu kwa sababu nimefunga. Nikamwambia, "Wewe onja tu, Bi Kasturi, mimi sitamani."

"Sijaonja chakula jikoni tangu nizaliwe."

"Utajuaje kama kimeiva?"

"Wewe mke wako ulimuonja kabla ya ndoa?"

Mwanamke wa umri ule! Nilicheka mpaka nikaogopa kuwa mfungo umetanguka.

Jumamosi, 23 Oktoba

Kazi yangu ni kusaga na kukuna. Chungu haniruhusu kukigusa. Nimewahi kuongoza jiko lenye vijana kumi na wawili. Kazija kala kachori mbili, akasema mbatata zina madonge. Madonge ni yangu.

Jumanne, 26 Oktoba

Nimemuuliza Maalim Muhiddin msikitini: je, mpishi aliyefunga aweza kuonja? Kasema akiwa na haja, kwa ncha ya ulimi, ateme, asimeze. Nimefurahi. Mpishi asiyeonja ni sawa na nahodha aliyefumba macho, na sasa sheria iko upande wangu.

Alhamisi, 28 Oktoba

Leo naandika mengi.

Bi Kasturi alikuwa ameweka akiba ya sukari guru kwenye mtungi, ya mwisho, haipatikani tena mjini hata kwa maneno matamu. Akasema leo tunapika chungu kikubwa cha chatini ya embe, ile inayokaa. Kitakuwa cha Kazija, kimtoshe Bi Kasturi mwenyewe atakapokuwa hayupo. Niliinama kwenye jiwe ili asinione uso.

Tumekuna embe asubuhi yote. Embe zikaiva, sukari ikayeyuka, rangi ikawa kama kahawia ya mbao nzuri. Mara mvua ikapiga, na nguo zake ziko juani darini. Akanambia, "Koroga, usisimame," akapanda.

Nikakoroga. Harufu ile, na mimi nimefunga, na mke wangu chini. Nikajiambia: Msabah, chungu hiki ni uhai wa mtu, utakiacha hivi hivi bila kukijua? Nikachota kwa mwiko, nikagusa kwa ncha ya ulimi kama Maalim alivyosema, nikatemea dirishani. Nikasukutua. Sikumeza kitu. Nilijiona nimetenda jambo kwa usafi wote wa dini.

Akarudi, nguo begani, maji yanamdondoka. Nikamwambia kwa raha, "Inataka chumvi kidogo."

"Umejuaje?"

"Nimeonja. Lakini usiogope, kwa sheria kabisa. Ncha ya ulimi, nikatema."

"Kwa mwiko gani?"

Nikautazama mwiko. Ulikuwa chunguni.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka nguo chini, akashika chungu kwa pembe mbili za sari, akakipeleka karoni, akakiinamisha. Chote. Embe zote, sukari yote. Ilitoka polepole, ilikuwa nzito, imeshaiva vizuri.

"Bi Kasturi!" nikasema. "Watu wanapanga foleni kwa sukari hiyo!"

"Najua. Nilipanga."

"Ncha ya ulimi! Kitu gani ncha ya ulimi?"

"Msabah, kitoto kile kinakula kwanza. Umekipa makombo yako. Na mkeo nimpe nini? Makombo ya makombo?"

"Mke wangu angekula! Mke wangu hachagui kama mungu wako!"

Nilipolisema hilo nilijua nimevuka. Yeye alikuwa akisuuza chungu. Akakisuuza muda mrefu. Kisha akasema, hasira imeshamtoka, imebaki sauti ya mtu mchovu, "Hachagui. Ndilo linalonitia hofu. Kazija ninayemjua mimi hupeleka sahani nyuma. Kashanirudishia bajia kwa sababu ya jani moja la kotmiri. Siku hizi unampa uji, anasema kizuri. Umelisikia hilo, wewe mwenye masikio ya dunia nzima?"

Nikateremka. Nilipofika chini nilikaa ngazini mpaka adhana.

Nimelifungua daftari hili nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Supu yangu, kizuri. Wali wangu, kizuri. Pilau langu, kizuri sana, Mungu akuweke. Na kila penye kizuri, vijiko viwili, tonge moja, vidole vitatu. Kila alipokula, alilalamika. Embe changa. Njugu zimeungua. Mbatata zina madonge.

Mimi nilikuwa nikiziandika zile sifa kwa wino mzito.

Ijumaa, 29 Oktoba

Sikupanda. Uji. Kizuri.

Jumamosi, 30 Oktoba

Kamba haikuteremka. Uji. Kizuri.

Jumatatu, 1 Novemba

Nimemletea mkate wa kumimina kutoka Darajani. Nikamwambia, "Mbaya huu, sivyo? Upande wa chini umeungua, tazama." Akasema, "Mzuri, baba Sichana. Usijisumbue." Nikatoka nje kutazama mvua.

Nilikuwa nikidhani Bi Kasturi ni mwanamke wa masharti. Leo nilipokuwa natazama mvua nikakumbuka jambo. Miaka yote hii hajapata kunywa hata maji nyumbani kwetu, na Kazija hajapata kukasirika. Akimpelekea kitu, humpelekea chenye ganda lake, ambacho ndani hakijaguswa na mkono wa mtu: dafu, ndizi, chungwa. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilikula na watu wa kila dini, nikapita bandari zote, sikuliona hilo chini ya dari langu.

Jumanne, 2 Novemba

Nimechoka. Nimechoka na foleni, na ndoo chini ya uvujo, na neno kizuri.

Pandu kanambia barazani, "Nasikia umefukuzwa jikoni."

"Nimejiuzulu."

"Kwa kuonja?"

"Nani kakwambia?"

"Mzee, ulitemea dirishani. Nilikuwa nimekaa chini."

Alhamisi, 4 Novemba

Pandu kanipa embe mbichi za shamba la nduguye Jumbi, kapu zima, akakataa shukrani. Kasema ni fidia ya mimi kumtemea. Nimekwenda sokoni nikanunua chungu kipya cha udongo na mwiko mpya ambao bado unanuka mti. Sukari guru sikupata. Nilikuwa na mgao wetu wa sukari nyeupe, nikauchukua wote. Chai ya futari tutakunywa bila sukari.

Nikapanda. Nikasimama kizingitini, sikuvuka.

"Shikamoo Bi Kasturi."

"Marahaba."

"Chungu hiki hakijaonja kitu. Na mimi nimefunga mdomo, kwa njia zote mbili."

Akakitazama chungu, akakigonga kwa ukucha kusikiliza kama hakina ufa. "Umepunjwa," akasema. "Ingia. Nawa mikono mpaka viwiko."

Leo ndiyo kanifundisha. Yale ya mwanzo ilikuwa kunipima. Kanifumba macho kwa kitambaa! Kasema macho yangu na ulimi wangu yamezoea kusema uongo, tuvipumzishe. Haradali unaisikiliza: inapasuka kama mvua juu ya bati, na ikianza kunyamaza ndipo unatia mvuje, si kabla. Embe unainusa. Mwanzo uchachu unachoma pua. Unapoacha kuchoma na ukaanza kukwaruza kooni, sukari imeingia. Mwiko unakwambia uzito. Tone unaliweka ukingoni mwa sahani, ukiinamisha na lisikimbie, epua.

"Na chumvi?" nikauliza.

Akanifungua kitambaa, akanishika mkono, akamimina chumvi kwanza kwenye kiganja chake, mpaka ule mfinyo wa katikati ukajaa. "Hivi. Kwa chungu kama hiki, kimoja na nusu. Lakini hiki ni changu, si chako. Chako ni kasia."

Nikamwambia kiganja ni kiganja. Akasema, "Haya."

Akamuwekea kitoto cha shaba kibakuli chake. Tukangoja, yeye kafumba macho, mimi natazama koti la hariri. Kisha akajaza chupa. Akanipa mkononi, hakushusha kwa kamba.

Kazija kala kachori mbili. Kasema hii sukari nyeupe haina adabu, inajitangaza. Nimeandika neno kwa neno.

Jumapili, 7 Novemba

Bajia za kunde na chatini. Tatu. Kasema mafuta yamechoka. Alhamdulillahi.

Jumatano, 10 Novemba

Kakaa kitandani mwenyewe, bila kushikwa. Mvua imepumzika. Mimi sijapumzika, lakini leo sijali.

Jumatatu, 15 Novemba

Bi Kasturi kaondoka.

Kateremka ngazi asubuhi kwa makalio, kidato kwa kidato, akikataa mkono wangu. Akaingia chumbani kwa Kazija, akakaa kitandani. Niliyoyasikia nikiwa mlangoni ni haya.

"Kule baridi?"

"Wanasema."

"Utapata embe?"

"Wanasema tamu. Tamu nifanyie nini?"

Kazija akaingiza mkono chini ya mto, akatoa chungwa. Lilikuwa hapo tangu jana, nilidhani kalisahau. Bi Kasturi akalimenya palepale, ganda likatoka zima kama utepe, akala. Lote, pande baada ya pande, kokwa akizishika mkononi. Ndiyo mara ya kwanza kumuona akila nyumbani kwetu. Mikono yake ilinuka chungwa aliponishika bega.

Kitoto cha shaba alikifunga kifuani ndani ya shali. Jiwe la kusagia kaniachia mimi. Kanambia, "Lisionje kitunguu." Nimelishusha ngazi zote zile peke yangu. Zamani nilibeba nanga. Zamani.

Teksi ikapinda kona ya msikiti. Kazija alikuwa akisikiliza, kwa sababu aliuliza, "Kashapinda?" Nikasema, "Kashapinda."

Jioni kachovya mkate kwenye chatini mara moja. Nikauliza vipi. Kasema, "Kizuri."

Jumanne, 16 Novemba

Uji. Kizuri.

Jumatano, 17 Novemba

Chupa iko nusu. Nimemsogezea, kairudisha. Kizuri, kashiba. Kashiba nini?

Alhamisi, 18 Novemba

Mvua kubwa. Kamba ya Bi Kasturi bado inaning'inia dirishani, inapigapiga ukuta. Kazija anaisikiliza. Nimepanda kuifungua, kisha nikaiacha.

Ijumaa, 19 Novemba

Mwezi umeonekana, kesho sikukuu. Mizinga, watoto, kelele. Kala kijiko kimoja, kwa ajili yangu, nimemuona akijilazimisha. Nikamwambia, "Bi Kazija, nitukane." Akatabasamu, akanambia, "Umechoka, mume wangu. Lala."

Pandu kaleta embe nyingine, na kifurushi cha sukari guru. Sikumuuliza kaipata wapi na yeye hakunitazama.

Jumamosi, 20 Novemba, Idi

Baada ya sala sikwenda kwa mtu. Nimenawa mpaka viwiko. Nimewasha seredani uani, nimefunga macho kwa kilemba changu cha Idi, watoto wa jirani wakasimama mlangoni kunitazama kama kiini macho. Mfungo umekwisha, naweza kuonja nitakavyo, hakuna maalim wala Baniani wa kunizuia. Sikuonja.

Haradali ilinyesha, ikanyamaza. Nikatia mvuje. Embe ilichoma pua, kisha ikakwaruza koo. Mwiko ukawa mzito. Chumvi nikaijaza kiganjani, kimoja na nusu. Tone halikukimbia. Sina kitoto cha shaba, na dini yangu hairuhusu, basi nikasema bismillahi kwa sauti, nikaweka kibakuli cha kwanza kwenye sinia na kachori nne, nikampelekea Kazija.

Akachovya. Akala.

Akatafuna polepole. Uso wake ukakunjana, kwanza nyusi, kisha pua, kisha mdomo wote. Nilidhani anataka kutapika, nikakimbilia beseni.

"Baba Sichana."

"Naam."

"Hii chumvi umemwagikiwa, au umeitia kwa makusudi?"

"Kiganja kimoja na nusu. Kama alivyonifunza."

"Kiganja cha nani?"

Nikautazama mkono wangu. Kasia.

"Si chakula hiki," akasema. "Hata samaki wa kukaushwa angeomba maji." Akachukua kachori ya pili, akaichovya pembeni kidogo tu, akala. Akachukua ya tatu. "Madonge yale yale. Mimi nilisema toka zamani, hawakukosea kule melini kukuweka kumenya mbatata. Lete maji. Na kaongeze embe, chungu bado kina moto."

Nimeleta maji. Embe zimo chunguni. Naandika haya uani, amri nyingine inatoka chumbani kuwa nikoroge nisisimame.

Daktari: kachori tatu na nusu. Kasema mbaya.